Chembe Zinazopita Maseno

Kila mwaka tukifika mada ya unururifu katika kidato cha nne, kuna mwanafunzi mmoja au wawili ambao kengele ikilia hawatoki. Wanasubiri wenzao waishe mlangoni, kisha wanauliza: "Mwalimu, na ndani ya protoni kuna nini?" Nafundisha fizikia na hisabati katika shule ya kutwa upande wa Vihiga. Swali hilo nalijua vizuri kwa kuwa lilinishika mimi pia mwaka 2012, nikiwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ya wasichana isiyo mbali na Maseno, na halijaniachilia mpaka leo. Ninayoandika hapa ni kwa ajili ya hao wanaobaki nyuma, na kwa walimu wanaoulizwa swali hilo wakiwa wamebeba vitabu vya kusahihisha.

La kwanza ninalowaambia ni kwamba hawana haja ya kungoja chuo kikuu. Mimi niliambiwa ningoje, tena na watu walionitakia mema. Baba alisema nisome cha mtihani kwanza, na alikuwa na haki ya kusema hivyo, maana karo yangu ilitoka kwenye ng'ombe wake mmoja mmoja. Lakini mlango wa fizikia ya chembe uko ndani ya silabasi ile ile ya mtihani. Mionzi ya kathodi, eksirei, athari ya fotoelektriki, unururifu: mada hizi nne zinafuatana kuelekea mwisho wa kidato cha nne, na shule nyingi huzipitia mbio mbio kwa sababu mtihani umekaribia. Mwenye kuzisoma polepole huwa ameshaingia.

Chukua mrija wa mionzi ya kathodi. J. J. Thomson aliutumia kule Cambridge mwaka 1897 kuonyesha kwamba mionzi hiyo ni chembe zenye chaji hasi, nyepesi mno kuliko atomu yoyote. Leo tunajua kwamba protoni moja ina tungamo la elektroni 1,836 hivi. Mrija wa namna hiyo ndio uliokuwa nyuma ya kioo cha televisheni za zamani zenye mgongo, na kazi yake haina tofauti kubwa na ya mashine ya CERN, maabara ya fizikia ya chembe iliyo mpakani mwa Uswisi na Ufaransa: toa chembe zenye chaji, zisukume kwa umeme, zipinde kwa sumaku, zigonge kitu. Elektroni ikisukumwa na volti 1 inapata nishati ya elektroni-volti 1. Ndani ya televisheni ile ilikuwa ikipata elfu ishirini hivi. Katika mashine kubwa ya CERN, tangu mwaka 2022, kila protoni hufikishwa elektroni-volti trilioni 6.8. Mwanafunzi akikizoea kipimo hiki kimoja, nusu ya hofu inamtoka, kwa sababu karibu kila namba atakayokutana nayo huko mbele imeandikwa hivyo: MeV ni milioni ya elektroni-volti, GeV ni bilioni, na hata tungamo la chembe huandikwa hivyo.

Sikuwa na mtu wa kunipangia cha kusoma. Likizo nilikuwa nakaa Kisumu kwa shangazi, muuza mitumba wa Kibuye. Nikishamsaidia kufungua robota na kutundika nguo, ananiruhusu niende maktaba ya umma. Rafu ya fizikia ilikuwa fupi. Kitabu kilichonifaa kuliko vyote kilikuwa kimechapishwa kabla ya 1995, na kilisema kwaki, jamii ya chembe ndogo zinazounda protoni, ziko sita ila ya sita bado inatafutwa. Jioni, kwa simu ya shangazi na bando la shilingi chache, nikasoma kwamba kwaki hiyo ya sita ilipatikana mwaka 1995 kule maabara ya Fermilab, karibu na Chicago. Kesho yake nilirudi nikakifungua kitabu kile kile. Nilikuwa nasoma maneno ya watu waliokuwa bado wanangoja, walioamini kiti kile hakiwezi kubaki kitupu kwa sababu tu hesabu ilidai mtu wa kukikalia. Sijawahi kupenda kitabu kama nilivyokipenda hicho kilichopitwa na wakati.

Wengi huanza kwa jedwali la chembe: kwaki sita, leptoni sita, zile zinazobeba kani, na bozoni ya Higgs juu yake. Linapendeza ukutani, na vijana hulikariri kwa siku moja. Sishauri kuanzia hapo. Jedwali linakupa majina ya wageni kabla hujajua walialikwa na nani.

Aliyenionyesha pa kuanzia ni mwalimu wetu wa fizikia. Jioni moja wakati wa prepu aliandika ubaoni mstari mmoja: nyutroni inavunjika, inatoka protoni na elektroni. Akaniita mbele.

"Chaji?"

"Kushoto sufuri, Madam. Kulia moja chanya na moja hasi. Sufuri."

"Haya, tungamo." Akaandika namba tatu kando: nyutroni MeV 939.565, protoni 938.272, elektroni 0.511. Nikatoa pale pale kwa chaki. Ikabaki 0.782.

"Hiyo iliyobaki ni nini?"

"Ni mwendo, Madam. Protoni ni nzito, kwa hivyo karibu yote inachukuliwa na elektroni."

"Kwa hivyo kila elektroni itatoka na nishati hiyo hiyo, sivyo?"

"Ndiyo, Madam."

"Wamepima. Haitoki hivyo. Nyingine inatoka na nusu, nyingine na robo, nyingine karibu na bure. Kaa chini ufikirie."

Nilikaa nikafikiria mpaka taa za bweni zikazimwa. Mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama kijijini, na nimemwona akikesha na daftari kwa sababu ya shilingi ishirini zisizoonekana. Hata siku moja hakusema kwamba pesa hupotea tu hewani. Alisema kuna mtu hakuandikwa. Nilipomwambia Madam asubuhi kwamba huenda kuna kitu cha tatu kinatoka na hatukioni, alitabasamu akanisimulia kisa chote. James Chadwick aliliona tatizo hilo mwaka 1914 katika viini vinavyotoa mionzi ya beta: elektroni zinatoka na nishati za kila kiasi. Niels Bohr, mtu mkubwa katika fizikia ya wakati ule, alikuwa tayari kukubali kwamba labda ndani ya kiini nishati haihifadhiwi kila mara. Wolfgang Pauli alikataa. Mwezi Desemba 1930 aliandika barua akapendekeza chembe isiyo na chaji, nyepesi mno, inayochukua fungu lililobaki na kuondoka bila kugusa kitu. Ndiyo nyutrino. Iliwachukua watu miaka 26 kuithibitisha, mpaka 1956, pale Clyde Cowan na Frederick Reines walipoinasa karibu na tanuri la nyuklia huko South Carolina, Marekani.

Tangu siku hiyo nilijifunza chembe kwa njia ya kuhifadhi. Nilitenga kaunta buku moja kwa kazi hiyo tu. Unachora mstari, kushoto kilichoingia, kulia kilichotoka, kisha unakagua: chaji, idadi ya barioni, idadi ya leptoni, nishati, momenta (yaani wingi wa mwendo pamoja na mwelekeo wake). Barioni ni jamaa za protoni na nyutroni, kila moja ikihesabiwa 1, na kinyume chake kikihesabiwa hasi 1. Leptoni ni elektroni, muoni, tau na nyutrino zao. Kinachokataa kufunga hakitokei, hata ungesubiri maisha yako yote. Kinachofunga, mara nyingi kipo mahali fulani kinatokea.

Zoezi ninalolipenda mpaka leo ni hili. Protoni inagonga protoni iliyotulia, zinatoka protoni tatu na antiprotoni moja, yaani kinyume cha protoni chenye chaji hasi. Chaji: kushoto 2, kulia 3 kutoa 1, yaani 2. Barioni: 2, na 3 kutoa 1, yaani 2. Inafunga. Sasa nishati. Unaunda chembe mbili mpya, na mtu angedhani protoni inayokuja ihitaji mwendo wa thamani ya tungamo mbili tu. Lakini momenta nayo lazima ihifadhiwe: zote nne zitaendelea kwenda mbele, na mwendo huo una gharama. Ukipiga hesabu vizuri unapata tungamo sita za protoni, GeV 5.6 hivi. Wajenzi wa mashine ya Bevatron kule Berkeley walikuwa na hesabu hiyo mezani, wakaifanya ifike zaidi kidogo ya GeV 6, na mwaka 1955 Emilio Segrè, Owen Chamberlain na wenzao wakaiona antiprotoni. Msichana wa kidato cha tatu aliye na kalamu anaweza kufika kwenye 5.6 hiyo. Nilipofika, nilizunguka uwanja wa shule peke yangu kwa furaha, na sikuwa na wa kumweleza.

Hisabati inayohitajika haitishi sana. Mlingano unaofungua mambo mengi unasema kwamba nishati mraba ni sawa na momenta mraba jumlisha tungamo mraba, kila kimoja kikiwa kimewekwa katika vipimo vya nishati. Hiyo ni Pythagoras. Chora pembetatu mraba, upande mmoja tungamo, upande wa pili momenta, na upande mrefu kuliko yote ndio nishati. Ongeza logi, vekta, na vipeo vya kumi vilivyoandikwa kwa uangalifu, unaenda mbali.

Tarehe 4 Julai 2012 CERN ilitangaza kwamba imeiona chembe mpya yenye tungamo la GeV 125 hivi, iliyokuja kuthibitishwa kuwa bozoni ya Higgs. Habari zilitufikia kwa gazeti la maktaba ya shule, limekunjwa na limepita mikono mingi. Gazeti lilieleza kwamba mashine ile imezunguka kilomita 27 chini ya ardhi, nasi tukapiga mahesabu kwamba ni karibu sawa na barabara ya kutoka Kisumu mjini hadi Maseno. Lilieleza pia kwamba Higgs ndiyo inayovipa vitu vyote tungamo, na hili naomba nilirekebishe kila nipatapo nafasi, kwa sababu ukweli wake ni mtamu kuliko hilo.

Protoni ina kwaki mbili za aina iitwayo juu na moja ya aina iitwayo chini. Chaji ya kwaki ya juu ni theluthi mbili, ya chini ni hasi theluthi moja, jumla yake 1. Murray Gell-Mann na George Zweig walipendekeza kwaki mwaka 1964, kila mmoja kivyake, na majaribio yaliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1960 kule Stanford yalionyesha kwamba elektroni zenye nguvu zikirushwa ndani ya protoni zinagonga vitu vidogo na kurudishwa kwa pembe kubwa, jinsi Rutherford na vijana wake walivyokigundua kiini cha atomu kwa chembe za alfa. Sasa jumlisha tungamo la hizo kwaki tatu, lile zinalolipata kutokana na Higgs. Kwaki ya juu ni MeV 2 na kidogo, ya chini karibu 5. Jumla yake ni MeV 9 hivi. Protoni yenyewe ni 938. Zile tisa ni asilimia moja tu.

Iliyobaki iko wapi? Ni nishati. Kwaki zimefungiwa mahali padogo mno, zinakwenda kwa kasi inayokaribia ya mwanga, zimeshikwa na gluoni ambazo nazo zina nishati, na nishati hiyo yote ikiwekwa kwenye mizani inasoma kama tungamo. Hii ndiyo maana halisi ya ule mlingano wa Einstein, E = mc², unaoandikwa kwenye fulana. Ukisimama juu ya mizani ya mtaani ikasoma kilo sitini, karibu kilo zote hizo ni pilikapilika za ndani ya protoni na nyutroni zako. Higgs inazipa tungamo elektroni na kwaki, na bila hiyo atomu zisingeshikamana, lakini uzito wa mwili wako haukutoka huko. Nimeiweka namba hii ya asilimia moja ubaoni mbele ya madarasa mengi, na bado huwa nasubiri ule ukimya unaofuata.

Niseme sasa juu ya kuona kwa macho, maana karatasi peke yake ilinichosha. Mwaka uliofuata tuliamua, mimi na rafiki yangu wa dawati, kupeleka chemba ya mawingu kwenye kongamano la sayansi la shule. Chombo hicho kilibuniwa na Charles Wilson wa Scotland, aliyekuwa akitazama mawingu juu ya mlima Ben Nevis mwaka 1894 na kutaka kuyatengeneza maabarani. Mwaka 1911 tayari alikuwa anapiga picha njia za chembe. Sisi tulitumia chombo cha kioo cha kufugia samaki, kitambaa kizito kilichogundishwa kwenye sakafu yake, na sahani ya aluminiamu tuliyoipaka rangi nyeusi. Kitambaa unakilowesha kwa spiriti, unapindua chombo juu ya sahani, sahani inakaa juu ya barafu kavu.

Spiriti ya duka la dawa ina maji mengi, haifai. Iliyofaa ni isopropanoli safi, nayo tuliipata kwa fundi wa simu wa Kondele anayesafishia mbao za saketi. Barafu kavu ilikuwa kazi zaidi. Ni kabonidioksaidi iliyoganda, baridi yake inafika nyuzi 78 chini ya sufuri, na haiyeyuki kuwa maji bali inageuka gesi moja kwa moja. Binamu yangu aliinunua Nairobi akaisafirisha kwa basi la usiku ndani ya kikasha cha povu gumu, kifuniko kimewekwa tu bila kufungwa, maana ukikikaza gesi itakipasua. Haishikwi kwa mkono mtupu, na chumba lazima kiwe na madirisha wazi. Haya hatukuyabuni. Madam alituandikia na akasimama pale mpaka mwisho.

Tulizima taa, tukamulika tochi kutoka ubavuni. Kwanza ilionekana mvua nyepesi ya matone madogo ikishuka, na hakuna kingine. Mvuke wa spiriti unashuka kutoka juu palipo na joto, na karibu na sahani unapoa kupita kiasi bila kupata pa kushikia. Chembe yenye chaji ikipita hapo inang'oa elektroni kwenye molekuli za hewa njiani, na mvuke unageuka matone juu ya ayoni hizo. Baada ya muda, kama robo saa hivi, ukapita mstari. Mwembamba, mnyoofu kabisa, kutoka ukingo hadi ukingo, ukakaa kitambo kidogo kisha ukatawanyika. Ukaja mwingine mfupi na mnene, urefu wa sentimita chache. Halafu kitu kilichojipinda pinda kama hakijui kinakokwenda. Rafiki yangu alinishika mkono akaukaza mpaka ukauma.

Ile minene na mifupi ni alfa, nyingi zinatoka kwenye gesi ya radoni, ambayo nayo inatokana na urani iliyomo kwenye mawe. Huku kwetu mawe ya matale (graniti) hayana uhaba. Anayejua vilima vya Maragoli au Kit Mikayi anajua ninachosema, na matale kwa kawaida huwa na urani na thori zaidi kidogo kuliko mawe mengine mengi. Iliyopinda pinda ni elektroni zenye nishati ndogo, zinazosukumwa huku na huku na kila atomu. Na ile mirefu minyoofu, mingi ni muoni.

Muoni ndiyo iliyonifanya niwe mwalimu. Ni ndugu mzito wa elektroni, tungamo lake MeV 106 hivi, na inazaliwa angani, kama kilomita 15 juu yetu, pale protoni zitokazo mbali kwenye anga za juu zinapogonga hewa. Carl Anderson na Seth Neddermeyer waliigundua mwaka 1936. Katika usawa wa bahari muoni moja hivi inapita kila sentimita mraba kila dakika. Nyoosha kiganja chako sasa hivi: zaidi ya moja kwa sekunde inapenya, na haujasikia chochote. Lakini muoni huishi wastani wa mikrosekunde 2.2 tu. Hata ikienda kwa kasi ya mwanga, muda huo unatosha mita 660. Ingepaswa kufia juu kabisa ya mawingu. Inafika chini kwa sababu, kwetu tunaoitazama, saa yake inakwenda polepole. Ikienda kwa asilimia 99.9 ya kasi ya mwanga, inaishi mara 22 zaidi, na mita 660 zinakuwa kilomita zaidi ya 14. Kila mstari mrefu tuliouona katika chombo kile cha samaki ulikuwa ni uthibitisho wa nadharia ya Einstein, ndani ya maabara yenye meza za mbao na mtungi wa gesi ulioisha.

Jaji mmoja alituuliza kitu hiki kitamsaidia nani. Siku hizi ningemjibu kwa haraka: mwaka 2017 wanasayansi walitangaza kwamba wamegundua uwazi mkubwa ndani ya piramidi ya Khufu, Misri, kwa kuhesabu muoni zinazopenya mawe yake, bila kutoboa hata tundu. Mahali penye uwazi muoni nyingi zaidi hupita.

Kuna jambo ambalo sikulijua shuleni na ningependa kila mtoto wa ukanda huu alijue. Barabara ya Kisumu kwenda Busia inapita Maseno, na pale kuna bango la ikweta ambapo watu hushuka kupiga picha. Uga wa sumaku wa dunia, karibu na ikweta, umelala sambamba na ardhi, na protoni inayokuja kutoka juu inaukata njia panda na kupindwa. Isiyo na nishati ya zaidi ya GeV 10 haifiki huku kwetu kutoka juu. Kwenye ncha za dunia hata nyonge inapita. Mholanzi Jacob Clay alipima mionzi hii itokayo angani akiwa melini mwaka 1927, katika safari kati ya Java na Uholanzi, akaona inapungua karibu na ikweta. Miaka michache baadaye Arthur Compton alithibitisha kwa vipimo vya sehemu nyingi za dunia. Hapo ndipo ilipojulikana kwamba mionzi hiyo kwa sehemu kubwa ni chembe zenye chaji, maana mwanga haupindwi na sumaku.

Lakini ni chaji gani, chanya au hasi? Swali hilo lilitakiwa lijibiwe karibu na ikweta, mahali palipoinuka. Mwaka 1933 Mwitaliano Bruno Rossi alipeleka vyombo vyake Asmara, Eritrea, wakati huo ikiwa koloni la Italia, zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari. Mirija ya Geiger, ambayo hulia chembe yenye chaji ikipita ndani yake, mmoja juu ya mwingine, imeunganishwa kwa saketi aliyoibuni mwaka 1930 inayohesabu pale tu mirija yote inapolia kwa wakati mmoja. Akaielekeza magharibi, kisha mashariki. Zilizotoka magharibi zilikuwa nyingi zaidi. Wamarekani waliopima Meksiko walikuwa wamechapisha matokeo kama hayo kabla yake kidogo. Maana yake ni kwamba chembe hizo nyingi zina chaji chanya, na sasa tunajua ni protoni. Kwetu sisi ni sawa na kusema kwamba zinazokuja kutoka upande wa Busia ni nyingi kuliko zinazokuja kutoka upande wa Nandi.

Na Rossi huyo huyo, baadaye akiwa Marekani, ndiye aliyemhimiza Riccardo Giacconi atafute eksirei kutoka kwenye nyota. Kazi hiyo ilizaa setilaiti ya kwanza iliyotengenezwa kwa ajili ya eksirei za angani, na ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco baharini karibu na Malindi, tarehe 12 Desemba 1970. Kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya uhuru wetu, ikaitwa Uhuru. Nimewauliza wanafunzi wengi kama wanaijua. Wanajua Jamhuri Dei.

Sasa klabu yetu ya sayansi ina mirija miwili midogo ya Geiger iliyoagizwa mtandaoni, betri ya sola kwa sababu stima hukatika, na kiunzi cha mbao kinachoweza kuinamishwa digrii 45. Mrija mmoja peke yake hulia ovyo, kwa kuwa unayasikiliza mawe. Miwili ikilia pamoja, karibu kila mara ni muoni iliyopenya yote miwili, na hizo huja polepole sana. Ugumu uko hapo. Ukihesabu 100, unaweza kukosea kwa 10 juu au chini bila kosa la mtu, kwa sababu bahati nasibu ya mahesabu ni mzizi mraba (kipeo cha pili) wa idadi yenyewe. Tofauti tunayoitafuta kati ya magharibi na mashariki si kubwa kuliko hiyo kwa wingi. Ukifika 2,000, mzizi ni 45 hivi, na hapo unaanza kuzungumza.

Wiki iliyopita magharibi ilikuwa mbele, na kijana mmoja wa kidato cha pili alitaka tuandike ripoti. Msichana anayetunza daftari alikataa. Alimwonyesha safu mbili za namba, akachukua mizizi yake kwa kikokotoo, akamwambia tofauti bado inaweza kuwa bahati tu. Walibishana mpaka mlinzi akaja kufunga maabara. Wamekubaliana wafike 2,000 kila upande, wakibadilisha upande kila asubuhi ili joto na shinikizo la hewa visiwapotoshe, kisha ndipo wachore grafu.